Lugha Moja kwa Kila Kazi? Kisa cha Ada

Weka watengenezaji programu watatu mezani, hata chai haijapoa washaanza kuvutana: lugha gani bora? Huyu C, yule Java, wa tatu anawacheka wote kwa Python. Ubishi huu si wa jana, ndugu msomaji, na kuna wakati serikali nzima ilijaribu kuukata kwa amri.

Miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilijikuta na programu zilizoandikwa kwa lugha zaidi ya 450, ukijumlisha na lahaja zake. Kila moja ilitaka kompaila yake na mafundi wake. Gharama je! Mwaka 1975 likaundwa jopo la kutafuta lugha moja. Jopo lilianza kwa kuorodhesha mahitaji kabla ya kutazama lugha yoyote, na hapo nawapa heko. Timu nne zikashindana, zikiitwa kwa rangi tu ili waamuzi wasijue kazi ni ya nani. Mwaka 1979 ikashinda Kijani, timu ya Mfaransa Jean Ichbiah. Lugha ikaitwa Ada kwa heshima ya Ada Lovelace. Nambari ya kiwango chake, 1815, ni mwaka aliozaliwa.

Si wote walioshangilia. Tony Hoare, akipokea Tuzo ya Turing mwaka 1980, alionya kwamba lugha kubwa na tata hivyo haiwezi kuaminika. Hata hivyo, mwaka 1991 matumizi yake yakawekwa kwenye sheria. Misamaha ikawa mingi, watu wakakimbilia C na C++, na mwaka 1997 amri ikafutwa.

Sasa sikiliza hii. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ililipuka sekunde kama 40 baada ya kuruka. Programu ya kifaa chake cha kupimia mwelekeo, iliyoandikwa kwa Ada, ilirithiwa kutoka Ariane 4. Namba ya biti 64 ilibanwa kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ariane 4 isingefika huko, lakini 5 ilikuwa na kasi zaidi. Ada iligundua kosa, lakini hakuna aliyekuwa ameandika la kufanya likitokea pale. Kompyuta ikajizima, na ile ya akiba vilevile, kwa sababu ileile.

Wapinzani walipata la kusema, ingawa mimi naona C ingeificha namba hiyo kimyakimya. Ada imo hata kwenye ndege za Boeing 777. Kwa tovuti ya duka lako? Chukua PHP uende zako.