Pembe, Komwe na Daftari

Mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 wa Miladi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad, Abulhasan Ali al-Mas'udi, alipanda chombo katika kisiwa cha Qanbalu akarejea Oman. Qanbalu hiyo wataalamu wengi wanaiweka Pemba, na wako wanaoionyesha Ras Mkumbuu kwa kidole. Katika kitabu chake, Muruj adh-Dhahab, al-Mas'udi ameeleza jinsi pembe za ndovu zilivyotoka nchi ya Zanji zikapelekwa Oman, na kutoka Oman zikasafirishwa hadi Bara Hindi na China. Huko Bara Hindi, asema, zilichongwa mipini ya majambia na ya panga. Lakini kazi kubwa kuliko zote waliyoitumilia pembe ilikuwa ni kutengeneza kete za sataranji na za nardi.

Jambo hili tumelipita mara nyingi bila ya kulitazama. Tumezoea kuitia pembe katika orodha ya vitu vilivyotoka kwetu, pamoja na ambari na ngozi za chui, wala hatuulizi iligeuka nini ilipofika ilikokwenda. Basi iligeuka shaha, waziri, farasi na askari wa miguu. Na kwa kuwa sataranji ya kale ilikuwa na kete iitwayo fili, yaani tembo, iliyosimama pale ambapo Wazungu leo humsimamisha askofu, yumkini tembo aliyekufa nyuma ya pwani hii alirudishiwa umbo lake, dogo kama kidole gumba, juu ya ubao wa tajiri fulani ng'ambo ya bahari.

Jina la mchezo lilitufikia. Sataranji limo katika makamusi yetu; tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi walioiita chaturanga. Lakini mchezo wenyewe haukuota mizizi barazani. Ukiketi Jaws Corner mjini Unguja utakuta kahawa, siasa na dhumna; ukienda mitaa mingine utakuta keram, karata na bao. Neno tunalo, pembe tulitoa, na ubao tulioupenda ukawa mwingine.

Sioni haya yoyote katika hilo. Bao la Kiswahili si mchezo wa kupitishia mchana tu. Mashimo yake ni 32 katika safu nne, na komwe zake ni 64, kila mchezaji 32. Lakini mchezo hauanzi na zote ubaoni: kila mmoja huweka 10 tu, 6 katika nyumba na 2, 2 katika mashimo mawili yanayoifuata, akabaki na 22 mkononi. Hizo huziingiza moja moja, kila zamu moja, na kipindi hicho cha kunamua ndicho kinachomtenganisha fundi na mwanagenzi. Mkono unapokwisha, ndipo huingia mtaji. Mchezaji wa sataranji huyaona majeshi yote mawili tangu mwanzo. Mchezaji wa bao hupigana huku thuluthi mbili za jeshi lake zimo kiganjani, na kete moja anayoitia shimoni huweza kuuzungusha ubao mzima mara tatu nne kabla ya kulala. Kuyahesabu hayo kichwani, na kuijua hali ya mashimo yote baada ya zamu tatu za mbele, ni kazi isiyopungua ya sataranji hata kidogo.

Tofauti iko kwingine kabisa, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Katika miaka ileile ya al-Mas'udi, aliishi Baghdad mtu aitwaye Abubakar Muhammad bin Yahya as-Suli. Alikuwa mtu wa adabu: alikusanya na kupanga diwani za washairi, zikiwemo za Abu Nuwas na Abu Tammam, na akawa mwalimu na mwandani wa makhalifa. Huyohuyo alikuwa bingwa wa sataranji wa zama zake. Mbele ya Khalifa al-Muktafi alimshinda al-Mawardi, aliyekuwa akipendwa na kasri. Baada yake Waarabu walipotaka kumsifu mchezaji walisema anacheza kama as-Suli. Alifariki Basra kiasi cha mwaka 946, akiwa amejificha.

As-Suli aliandika. Kabla yake al-Adli alikuwa amekwishaandika kitabu cha sataranji, naye as-Suli akatunga vyake, akaeleza fungua za mchezo na kuweka mafumbo, yaani hali za ubaoni ambazo msomaji hutakiwa atafute njia ya kushinda. Fumbo lake moja, linaloitwa Almasi ya as-Suli, lina kete nne tu. Lilikaa kiasi cha miaka elfu likiwashinda watu, mpaka bingwa wa Kisovieti, Yuri Averbakh, alipolifumbua katika miaka ya 1980. Tazama hilo: mtu wa Baghdad na mtu wa Moscow wamecheza ubao mmoja, na kati yao pana karne kumi. Lililowakutanisha ni karatasi.

Mkono ule uliokusanya diwani za washairi ndio uliokusanya mafumbo ya sataranji. Kwa as-Suli hizo zilikuwa kazi za namna moja: kukiokoa kile kilichofanywa na akili kisife na mwenyewe.

Sisi tuliifanya nusu ya kazi hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, hakuziandalia tungo zake kitabu. Zilikuwa vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikumbuka na kuzitafuta, Mwingereza W. E. Taylor akaziandika pamoja naye. Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akazitoa upya pamoja na maelezo yake. Bila ya Sikujua tusingekuwa na Muyaka, au tungekuwa na beti tatu nne za kubahatisha. Na miongoni mwa tungo hizo limo shairi la bao. Kwa hivyo tunajua kwamba bao lilichezwa Mombasa ya Mazrui, na kwamba malenga mkubwa kuliko wote wa mji ule aliliona linastahili mashairi. Mabao yenyewe hatuna hata moja. Kina na mizani vilipata Sikujua wao. Kunamua na mtaji havikupata.

Na hasara haikuishia pwani. Katika karne ya 19 pembe zilizopita Unguja, nyingi sasa zikienda kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi huko Marekani na Ulaya, zilitafutwa mbali zaidi na zaidi. Misafara ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo moja ya njia zake ikageuka kaskazini kuelekea Karagwe, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Kusini magharibi ya Karagwe, katika nchi za Bugufi na Bushubi ambazo leo ni wilaya ya Ngara, ndiko iliko Bugarama.

Mswahili aliyepanda hadi pembe ile ya nchi hakuhitaji kueleza ubao wenye safu nne ni kitu gani. Kihangaza, lugha ya Ngara, ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na Warundi ubao huo wanauita ikibuguzo. Wanyarwanda wanauita igisoro. Ukipanda kaskazini hadi Buganda unaitwa omweso, na ulichezwa katika kasri za Kabaka. Bugarama imekaa katikati ya majina hayo yote, na Kiswahili kikaja kuongeza la kwake. Mashimo ni yaleyale 32, kete ni zilezile 64, lakini kanuni hazifanani. Katika omweso kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo, na hakuna mkono wa kunamua. Mswahili anayejua bao la kujifunza, lile la kete 2 kila shimo, angeuzoea haraka kuliko bingwa wa Buganda atakavyoizoea nyumba yetu. Ni kama lahaja: sarufi inasikilizana, msamiati unachekesha.

Lahaja nazo hufa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kiasi cha watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24, wakikimbia Rwanda. Na kabla yao walikuwa wamekuja Warundi, mawimbi kwa mawimbi. Mtu aliyevuka mto usiku na mtoto mgongoni habebi ubao. Ubao si neno, ardhi inachimbika na kokoto zipo. Lakini kanuni za mlima fulani na ujanja wa mzee fulani vilikuwa kichwani mwa mzee huyo, na vilikwenda alikokwenda.

Sataranji, katika miaka ya mwanzo wa karne hii, ilikuwa inarudi Afrika Mashariki kwa mlango mwingine. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala, akiwavuta kwa kikombe cha uji. Mmoja wa waliofuata uji huo ni Phiona Mutesi. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, Istanbul, yeye na mwenzake Ivy Amoko walipata daraja lililowafanya mabingwa wa kwanza wa kike wa nchi yao wenye cheo cha kimataifa. Kitabu cha Tim Crothers juu yake kilitoka mwaka huo, na filamu ya Mira Nair ikafuata 2016.

Walimwengu waliipenda hadithi hiyo kwa sababu ya umaskini wa Katwe. Mimi nimependa jambo dogo zaidi. Katika mashindano ya sataranji kila mchezaji ana karatasi kando ya ubao, na ni wajibu wake kuandika kila hatua, yake na ya mwenzake. Binti aliyekulia mtaa wa mabanda alicheza Urusi, na hatua zake zilikuwa na mahali pa kuwekwa tangu alipozicheza. Fundi wa bao anayewafunga watu miaka 40 barazani Ng'ambo hana chochote cha kuonyesha ila sifa, na sifa hukaa muda wa wanaomkumbuka.

Daftari hilo lina vituko vyake pia. Aprili 2023, katika mashindano ya Kenya Open mjini Nairobi, alitokea mshiriki wa mashindano ya wanawake aliyevaa buibui, nikabu na miwani, asiyesema na mtu. Akawaangusha wachezaji wenye majina. Waamuzi walishuku, na sababu kubwa ilikuwa hii: mchezaji mwenye nguvu kiasi hicho hatoki hewani, lazima awe amepita mahali, na huyu hakuwa amepita popote. Walipomwita pembeni, akakiri kuwa ni kijana wa kiume, akasema ni shida ya fedha. Masikini, buibui lilimsitiri uso, lakini hakuna vazi la kusitiri historia isiyokuwapo. Katika bao isingekuwa ajabu hata kidogo. Fundi mkubwa anaweza kuishi mtaa wa pili na usimjue mpaka siku utakapoketi naye.

Wako waliojaribu. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mafundi wa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1990, akayaandika mabao yao kwa alama, na mwaka 1995 akatoa Leiden utafiti wake juu ya umahiri wa bao. Ni kazi ya kushukuriwa, ingawa inauma kidogo kwamba, kama kwa Muyaka, kalamu ilibidi itoke nje. Ndugu wa bao huko Asia ya Kati hawakungoja mgeni: mchezo wa Wakazaki wa togyzqumalaq, nao wa mashimo na kete, una shirikisho na mashindano ya dunia, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza, pamoja na wenzake wa Kirgizi na Uturuki, katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kuandika bao si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Mchezaji wa upande huu safu yake ya mbele iitwe A na ya nyuma B; wa upande ule apewe a na b ndogo. Mashimo yahesabiwe 1 hadi 8 kutoka kushoto, na nyumba ya huyu itakuwa A5. Akinamua na kula kwa shimo la sita akaingilia kichwa cha kulia, ni A6 na mshale wa kulia. Akiwa anatakata tu, nyota pembeni. Akiamua kuipeleka nyumba safari, alama ya kujumlisha. Mizunguko yote inayofuata haina haja ya kuandikwa, maana kanuni zenyewe ndizo zinazoziendesha kete. Atakayesoma ataizungusha mwenyewe, akifika palepale. Mwenye kufunga na mwenye kufungwa waandikwe majina, na siku na baraza. Na akitokea mtu wa kufanya hivyo Bugarama kwa kanuni za huko, ataona alama hizo zinamtosha. Atawaacha tu mkono na nyumba.

Daftari moja la mwanafunzi linabeba mabao ya mwezi mzima. Tatizo ni wakati: adhana ya Magharibi inaposikika komwe hukusanywa zote kwa mpigo mmoja zikarudi koponi, na mwenye kalamu itambidi awe amekwishamaliza kuandika.