Kufungua mlango wa intaneti bila kuacha duka wazi

Binamu yangu ana duka Waithaka, Nairobi. Mimi niko Mombasa. Alitaka kuziona kamera za dukani akiwa safarini, nikamwekea kompyuta ya Linux iwe lango baina ya duka na intaneti.

Tazameni kwanza anwani ya nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, mnaishiriki na wateja wengine, na hakuna mlango utakaofunguka. Iombeni kampuni anwani yenu wenyewe.

Kisha net.ipv4.ip_forward iwe 1, ili lango lipitishe data. Katika nftables, kanuni ya masquerade hutoa kompyuta zote za ndani kwa anwani moja. Kanuni ya dnat humpeleka anayebisha mlango 8443 hadi kwenye kamera, tuseme 192.168.1.20. Wengi hukwama hapa: dnat hugeuza anwani tu. Kanuni za forward nazo lazima ziruhusu, la sivyo data hutupwa.

Mimi yangu yalikuwa mengine. Niliweka policy drop nikiwa Mombasa, kabla ya kuruhusu mlango 22 na mawasiliano yaliyokwisha anza. Nikajifungia nje! Ikabidi nipande basi la usiku. Sasa, kabla ya kugusa chochote, naiagiza kompyuta irudishe kanuni za zamani baada ya dakika 5 nisipoizuia.

Nilipofika nikasoma kumbukumbu za lango: wageni tele walikuwa wakibisha 8443, na kamera ingali na neno la siri la kiwandani. Nikaufunga. Siku hizi binamu huingia kwa WireGuard, mlango 51820 wa UDP, kwa ufunguo ulio kwenye simu yake tu.