Nani Aliwalisha Watoto wa Wafungwa wa Makaburu?

Kila mwaka ninapofundisha somo la ukombozi wa Kusini mwa Afrika, wanafunzi wangu hujibu maswali ya kawaida bila taabu. Wanaijua Kamati ya Ukombozi ya OAU iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, wanaijua Kongwa, wanaijua Mazimbu. Mwaka mmoja binti aliyezoea kukaa kimya nyuma ya darasa alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, miaka yote ile Mandela yuko gerezani, ada ya watoto wake alilipa nani?" Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niligundua kuwa nilikuwa nimefundisha somo hilo kwa miaka mingi bila kujiuliza jambo hilo hata mara moja.

Swali lile lina jibu, na jibu lake ni moja ya sura zilizosahauliwa za historia yetu ya karibuni.

Tuanze na hali yenyewe. Mtu alipofungwa na serikali ya Makaburu, adhabu haikuishia kwake. Mshahara ulikatika siku ile ile. Katika vitongoji vya Waafrika, haki ya kupanga nyumba ya halmashauri ilikuwa ya mwanamume. Mke alikaa humo kwa kivuli cha mumewe. Mume akiondoka na kodi isipolipwa, familia iliweza kutolewa nje na kupelekwa kwenye kile kilichoitwa "kwao", yaani Bantustan ambayo pengine watoto hawajawahi kuiona. Katika jimbo la Rasi ya Mashariki, ambako kesi za kisiasa za miaka ya 1960 ziliwazoa watu kwa makundi, kulikuwa na mahali paitwapo Dimbaza. Huko ndiko walikotupwa wafungwa wa kisiasa waliomaliza vifungo pamoja na familia zao, wajane na wazee, mahali pasipo na ajira. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba umaskini wa familia ya mfungwa ulitokea kwa bahati mbaya. Ulikuwa sehemu ya adhabu. Mwanaharakati aliyejua kuwa watoto wake watalala njaa alikuwa na sababu moja zaidi ya kunyamaza.

Tarehe 5 Desemba 1956 polisi waliwakamata watu 156 kwa shitaka la uhaini. Habari ilipofika London, kasisi mmoja wa Kianglikana, Kanoni John Collins wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, aliahidi kuchangisha fedha za mawakili na za kuwatunza wategemezi wa washtakiwa. Collins hakuwa mgeni wa jambo hilo. Chama chake, Christian Action, kilikuwa kimekwisha kuchangia familia za waliofungwa katika Kampeni ya Uasi ya 1952. Lakini kesi ya uhaini ilikuwa kubwa kuliko yeyote alivyotarajia. Iliendelea zaidi ya miaka minne, hadi Machi 1961, ambapo washtakiwa wote waliobaki waliachiwa huru. Fikiria miaka minne ya kwenda mahakamani bila kazi. Ushindi huo wa kisheria usingekuwa na maana kubwa kama nyumbani kila kitu kingekuwa kimeuzwa. Kutokana na juhudi hizo ndipo ulipozaliwa Mfuko wa Utetezi na Misaada, ambao baadaye ulipata sura ya kimataifa na kujulikana kwa kifupi kama IDAF.

Jambo ninalolistahi zaidi katika historia ya mfuko huu ni uamuzi ulioufanya mapema miaka ya 1960, wakati ANC na PAC zilipopigwa marufuku na baadhi ya wanachama wakashika silaha. Watu wengi wa Ulaya waliokuwa wakichangia kwa moyo mmoja walianza kusita. Hata Amnesty International, iliyoundwa 1961, ilijadili suala hilo mwaka 1964 na kuamua kwamba Mandela hawezi kuitwa mfungwa wa dhamiri kwa kuwa alikubali matumizi ya nguvu. Sidai kwamba hoja yao ilikuwa ya kipuuzi. Shirika lina haki ya kujiwekea mipaka. Lakini Collins na wenzake waliona jambo lingine: mtoto wa mtu aliyelipua mnara wa umeme ana tumbo sawasawa na mtoto wa mtu aliyeandika makala gazetini. Wakaendelea kulipa.

Machi 1966 serikali ya Makaburu iliupiga marufuku mfuko huo kwa kutumia Sheria ya Kukomesha Ukomunisti. Tangu siku hiyo, kupokea senti yake ndani ya Afrika Kusini kulikuwa kosa la jinai. Mama aliyepokea fedha za kununulia watoto unga angeweza kumfuata mumewe gerezani. Wengi walidhani habari imeishia hapo.

Haikuishia hapo. Wakili mmoja wa London, William Frankel, alibuni njia ambayo jina lake halisi lilifichwa hata kwa wengi waliofanya kazi katika mfuko huo. Humo ndani aliitwa tu "Bwana X". Kwa upande wa kesi, fedha zilipitia ofisi za mawakili wa Uingereza wenye heshima zao, ambao waliwaandikia mawakili wa Afrika Kusini kana kwamba wanawakilisha wafadhili binafsi wenye huruma. Kwa upande wa familia, njia ilikuwa ya kawaida mno kiasi cha kustaajabisha. Ilikuwa barua.

Walitafutwa watu wa kawaida, wengi wao wanawake, huko Uingereza na katika nchi nyingine. Kila mmoja alipewa majina ya familia chache. Alipokea fedha kupitia mtu wa kati, akazituma kwa jina lake mwenyewe kama zawadi ya rafiki, pamoja na barua fupi. Siasa zilikatazwa kabisa. Aliandika juu ya bustani yake, baridi, wajukuu, paka. Aliyepokea alijibu kuwa fedha zimefika, kwamba mtoto wa pili amepanda darasa, kwamba wa mwisho anakohoa, kwamba viatu vya shule vimepasuka. Majibu hayo yalirudishwa kimyakimya London, ambako yalisomwa na kuwekwa kwenye majalada, na kiwango cha msaada kikarekebishwa kulingana na hali. Waandishi wengi wa barua hizo hawakujua fedha zinatoka wapi hasa. Mama wa Port Elizabeth naye hakujua. Askari wa usalama waliofungua bahasha walikuta habari za waridi na mafua.

Hebu tutafakari kidogo ustadi wa jambo hili. Serikali ilikuwa na majasusi wengi. Mmoja wao, Craig Williamson, alifanikiwa kupenya hadi ndani ya uongozi wa shirika lililotoa misaada ya masomo kutoka Geneva kabla ya kufichuliwa mwaka 1980. Lakini mtandao wa barua haukuvunjwa. Phyllis Altman, Mwafrika Kusini aliyekuwa mwandishi wa riwaya na mtu wa vyama vya wafanyakazi, aliendesha shughuli za kila siku za mfuko kwa usiri ambao baadhi ya wenzake waliuona kuwa umepita kiasi. Ukizingatia yaliyotokea Geneva, haukupita kiasi hata kidogo.

Kitengo cha barua kiliongozwa kwa muda mrefu na Rica Hodgson, na hapa ndipo habari hii inapogusa ardhi yetu. Bibi huyu aliujua ugonjwa kwa kuuguza: mumewe, Jack, alikuwa miongoni mwa wale washtakiwa 156 wa mwaka 1956. Baada ya Jack kufariki uhamishoni, Rica aliondoka London mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaja Mazimbu, Morogoro, kufanya kazi katika Chuo cha Solomon Mahlangu, ambacho ANC ilikijenga kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania. Mwanafunzi anayepita leo kwenye kampasi ile, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine, hapaswi kulaumiwa kwa kutolijua jina lake. Hatukumfundisha. Na Collins alipofariki siku ya mwisho ya mwaka 1982, aliyechukua uenyekiti wa mfuko alikuwa Trevor Huddleston, yule yule aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Wazee wa Masasi wanamkumbuka kwa mambo mengine kabisa.

Ndani ya Afrika Kusini kwenyewe kulikuwa na kazi ambayo barua haikuweza kuifanya. Mfungwa wa daraja la chini katika Kisiwa cha Robben, kwa miaka ya mwanzo, aliruhusiwa kutembelewa mara moja kwa miezi sita, kwa nusu saa, huku askari amesimama akisikiliza. Kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni takriban kilomita 1,400. Mke wa mfungwa angepata wapi nauli ya treni, na akifika mji asioujua angelala wapi? Makanisa, kupitia chombo kilichoitwa Dependants' Conference, yalilipa nauli, na mwishoni mwa miaka ya 1970 yakafungua nyumba ya wageni mjini Cape Town, Cowley House, iliyokuwa makazi ya watawa wa Kianglikana. Familia zilipokewa, zikalishwa, zikapelekwa bandarini kupanda boti, kisha zikapokewa tena zilipotoka kisiwani. Watoto waliozidi miaka miwili na hawajafika 16 hawakuruhusiwa kabisa. Hakuna mfuko wa hisani uliokuwa na dawa ya hilo.

Albertina Sisulu, ambaye mumewe Walter alihukumiwa kifungo cha maisha Juni 1964 pamoja na Mandela, alikuwa muuguzi. Mshahara haukutosha, akafuma sweta na kuuza mayai. Mwaka uliotangulia hukumu hiyo yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini kwa sheria ya siku 90, na mwanawe Max, kijana wa miaka 17, akakamatwa pia. Mei 1969 ilikuwa zamu ya Winnie Mandela. Alikaa kizuizini na katika kesi siku 491, na binti zake wawili wakabaki baba gerezani, mama gerezani. Wanaopenda kusema kwamba wanawake hawa "walijitoa mhanga" wasisahau kwamba mtu hali mhanga wala kulipia ada kwa mhanga. Kuna watu waliolipa.

Fedha zenyewe zilitoka wapi? Mwanzoni ni sadaka na michango midogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 serikali zilijitokeza, Sweden ikiwa mstari wa mbele, na mwaka 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaanzisha mfuko maalumu wa Afrika Kusini. Mpaka IDAF ilipofungwa mwaka 1991, takriban pauni milioni 100 zilikuwa zimeingia Afrika Kusini kwa njia hizo.

Hata hivyo sitaki kuandika wasifu wa watakatifu. PAC ililalamika kwamba familia za watu wake ziliachwa nyuma ya zile za ANC. Wahusika walikanusha, na mimi naamini walijitahidi, ingawa mtandao unaojengwa juu ya kufahamiana daima huwafikia kwanza wanaofahamika. Lipo pia jambo zito zaidi. Katika miaka hiyo hiyo, mamia ya maelfu ya Waafrika walikamatwa kila mwaka kwa kukosa tu kipande sahihi mfukoni. Pembeni yao walikuwapo wezi, walevi, wauza pombe haramu, watu waliokopa wasiweze kulipa. Nao walikuwa na watoto. Hakuna bibi wa Uingereza aliyewaandikia habari za paka wake. Mfuko uliundwa kwa ajili ya wafungwa wa kisiasa, na haikuwezekana kubeba wote, naelewa. Lakini nasi tulirithi ugawaji huo. Hata leo katika Afrika Mashariki tunajua kuchangia familia ya mwanasiasa aliyefungwa. Familia ya mwizi wa kuku hupewa kisogo na majirani, na mtoto wake huitwa shuleni kwa jina la kosa la baba yake.

Sheria zetu nazo zinachechemea. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 una kifungu cha 30 kinachowahusu watoto wa wafungwa, jambo ambalo mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotangulia haukuwa nalo kwa namna hiyo. Lakini kifungu hicho kinataja akina mama tu.

Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipokea rufaa ya mwanamke mmoja, mama wa watoto watatu wa kiume aliowalea peke yake, aliyehukumiwa kwenda jela kwa udanganyifu wa kadi za benki. Hakuwa mpigania uhuru. Alikuwa mhalifu wa kawaida, na aliwahi kutiwa hatiani kabla ya hapo. Mahakama ilisema kwamba hakimu anayemhukumu mlezi lazima kwanza aulize watoto wataishi vipi, kwa sababu mtoto ni mtu kamili mwenye haki zake, si kipande cha mzazi wake. Kifungo kikaondolewa, mama akabaki nyumbani chini ya uangalizi na kuamriwa kuwarudishia fedha aliowatapeli. Jaji aliyeandika hukumu hiyo ni Albie Sachs, ambaye mwaka 1963 Makaburu walimweka kizuizini peke yake kwa sheria ile ile ya siku 90, na mwaka 1988 bomu lao likamkata mkono mjini Maputo. Watoto wa yule mama walikuwa na umri wa miaka 16, 12 na 8.