Gharika za Msumbiji: Njia ya Kuufikia Msaada

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Msemo huu hutamkwa kwa wepesi wakati wa neema, lakini uzito wake hupimwa siku ya maafa. Kwa nchi jirani ya Msumbiji, siku hiyo imekuja zaidi ya mara moja. Katika historia ya gharika zake tangu mwaka 2000 mna fundisho linalowahusu hasa askari wa jeshi na wa polisi. Maji yakishatanda, haitoshi kuuliza kama msaada upo. Lazima kuuliza aliyekumbwa na maji ataufikia kwa njia gani, na nani anailinda njia hiyo.

Msumbiji iko mwishoni mwa mito mikubwa. Limpopo hukusanya maji ya Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe kabla ya kuingia katika tambarare za Gaza. Mito ya Save, Buzi na Pungwe hutoka nyanda za juu za Zimbabwe, nayo Zambezi hupita katika nchi kadhaa kabla ya kufika baharini. Kwa hiyo mvua inayonyesha kwa jirani leo huweza kuwa gharika Msumbiji baada ya siku chache, hata kama anga ya huko ni nyeupe. Tena pwani yake ndefu inaelekea bahari ambamo vimbunga hupita karibu kila mwaka.

Mwaka 2000 mambo hayo mawili yalikutana. Mvua kubwa zilikwisha kuijaza mito ya kusini mapema Februari. Tarehe 22 ya mwezi huo kimbunga kilichoitwa Eline kilipiga pwani karibu na Beira, kikaingia bara na kumwaga mvua nyingine juu ya ardhi iliyokuwa imeshiba maji. Maji hayo yakarudi kwa kishindo kupitia Limpopo. Mji wa Chokwe ukafunikwa, na sehemu ya chini ya mji wa Xai-Xai ikafuata. Watu wapatao 700 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu wakaachwa bila makao. Wengi walipanda juu ya mapaa na miti, wakakaa huko usiku na mchana wakingoja. Mama mmoja alijifungua mtoto akiwa juu ya mti, akachukuliwa na helikopta ya jeshi la Afrika Kusini pamoja na mwanawe mchanga.

Picha ya helikopta ile ilienea duniani kote, na ilistahili, kwani marubani wa Afrika Kusini walifanya kazi ya kishujaa, na Malawi nayo ilipeleka helikopta zake. Lakini picha hiyo haielezi habari yote. Katika watu wapatao 45,000 waliookolewa, zaidi ya nusu waliokolewa kwa mashua. Walioziendesha mashua hizo walikuwa askari wa majini wa Msumbiji, zimamoto, watu wa Msalaba Mwekundu na wananchi wenye vyombo vyao. Ndege za mataifa makubwa ya mbali zilifika baada ya siku nyingi, wakati kazi kubwa ya kuokoa ilikuwa inakaribia kwisha. Katika saa za kwanza, anayeokoa ni yule aliye karibu, na chombo kinachookoa ni kile kilichopo tayari.

Baada ya kuokolewa ilianza safari nyingine, iliyo ndefu zaidi. Aliyeshushwa kutoka juu ya mti hakuwa na nyumba, jembe, mbegu, wala mara nyingi karatasi ya kuthibitisha jina lake. Isitoshe, vita vilivyokwisha mwaka 1992 vilikuwa vimeacha mabomu ya kutegwa ardhini, na ilihofiwa kwamba maji yameyahamisha kutoka mahali palipojulikana. Ilimpasa mtu kuwa na hadhari hata katika njia ya kurudi shambani kwake.

Mwezi Mei mwaka huo mataifa yalikutana Rome, yakaahidi mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya kuijenga upya nchi. Lakini ahadi ya Rome ni kitu kimoja, na mfuko wa mbegu mkononi mwa mkulima wa Chokwe ni kitu kingine. Mpango mmoja uliopunguza umbali huo ulikuwa wa kuwapa watu fedha taslimu. Kwa fedha za Marekani, familia za mashambani zaidi ya 100,000 zilipewa kila moja meticali milioni moja na nusu za wakati ule, yaani dola kama 92, na kila ilipowezekana fedha hizo zilikabidhiwa kwa mwanamke wa nyumba. Watu wakanunua nguo, vyombo, mifugo na vifaa vya kujengea, kila mmoja kwa kadiri ya upungufu wake. Ilidhihirika kwamba aliyepoteza mali anajua vizuri kuliko mgeni yeyote kitu anachokihitaji kwanza.

Suala la makazi lilikuwa gumu zaidi. Serikali ilitenga viwanja katika sehemu za mwinuko, na familia nyingi zikahamia. Lakini udongo wenye rutuba uko bondeni, na mkulima hawezi kulima juu ya kilima kisicho na maji. Wengi wakaweka nyumba juu na shamba chini, na wengine wakarudi kabisa mtoni. Hao hawakuwa wakaidi, bali njaa iliwarudisha.

Msumbiji haikungoja gharika nyingine ili ijifunze. Taasisi ya taifa ya kushughulikia maafa, iliyoundwa mwaka 1999, iliimarishwa. Katika vijiji vya kando ya mito ziliundwa kamati za wananchi wenyewe, zikapewa redio, vipaza sauti na bendera. Bendera ya buluu inaarifu kwamba kimbunga chaweza kufika baada ya siku moja au mbili, ya njano kwamba kiko ndani ya saa 24, na nyekundu kwamba zimebaki saa chache tu. Mwaka 2007, Zambezi ilipofurika, watu wengi walihamishwa mapema, na waliokufa walikuwa wachache sana kulinganisha na wale wa mwaka 2000.

Hata hivyo mtihani mkubwa ulikuwa bado. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira kwa upepo uliozidi kilometa 160 kwa saa. Umeme na simu vilikatika, na barabara kuu iendayo Zimbabwe ikakatwa na maji. Kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na nchi kavu ikageuka kuwa kama bahari. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji peke yake, na mamia wengine katika Zimbabwe na Malawi.

Kwa mara nyingine majirani walitangulia. Afrika Kusini ilipeleka askari na helikopta, na manowari za India zilizokuwa katika bahari hiyo zikatia nanga Beira. Tanzania nayo ilipeleka dawa na vyakula kwa nchi zote tatu, na ndege ya Jeshi la Wananchi ikatumika kusafirisha misaada hiyo. Kipindupindu kilipozuka kabla mwezi wa Machi haujaisha, chanjo zipatazo 900,000 ziliandaliwa na kuanza kutolewa mapema Aprili.

Hapo ndipo ulipoonekana upande mchungu wa historia hii. Taarifa ya Human Rights Watch iliyotolewa mwezi Aprili ilieleza kwamba wako wanawake waliotakiwa na viongozi wa mitaa kutoa miili yao ndipo wapewe chakula, na wengine majina yao hayakuandikwa katika orodha kwa kuwa hawakuwa na fedha ya kutoa. Chakula kilivuka bahari, kikavuka mafuriko, kikazuiliwa na kalamu ya mtu mmoja mwenye daftari. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na katika maafa buyu hilo ni uhai wa mtoto wa mtu.

Majuma sita baada ya Idai, tarehe 25 Aprili, kimbunga kingine, Kenneth, kiliipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na wananchi wa Mtwara walitahadharishwa. Pwani ya Tanzania nayo si ngeni kwa tufani. Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia Mafia, huku mvua zake zikiikata barabara ya kusini.

Basi fundisho la Msumbiji halipaswi kusikilizwa kama habari ya ugenini. Mashua iliyo kwenye kituo cha askari iwe na injini inayowaka kabla ya masika, si baada yake. Anayelinda ghala ajue kwamba analinda pia haki ya yule asiye na wa kumsemea. Jina la mjane liandikwe mbele ya watu, na lisomwe kwa sauti. Na bendera nyekundu inapopandishwa, askari awe wa kwanza kuufikia mlango wa mtu asiyeweza kutembea. Mataifa ya mbali yataleta tani zao, na shukrani watapewa. Lakini kutoka uwanja wa ndege mpaka kwenye sufuria ya aliyepoteza kila kitu kuna mwendo, na usalama wa mwendo huo umo mikononi mwa askari.