Pamba, Samaki na Maziwa ya Mama: Historia ya DDT katika Uwanda wa Imbo na Bujumbura

Katika mijadala ya sera za afya Afrika Mashariki, DDT hutajwa zaidi kama dawa ya mbu. Faida yake hupimwa kwa idadi ya nyumba zilizonyunyiziwa na ya wagonjwa wa malaria waliopungua. Madhara yake, yanapopimwa, hutafutwa kwa yule aliyeshika bomba la kunyunyizia. Historia ya kemikali hiyo kandokando ya Bujumbura inaelekeza kwingine. Huko ilipita shambani na majini ikafika kwa samaki, na kwa njia hiyo inaweza kumfikia mtoto ambaye hakuwa amezaliwa dawa ilipopuliziwa.

Uwanda wa Imbo umeenea kando ya Mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika. Bujumbura, uliojulikana kama Usumbura zama za Wabelgiji, umejengwa pale uwanda na ziwa vinapokutana. Joto la Imbo liliufanya kuwa eneo la pamba tangu utawala wa kikoloni, na zao hilo liliendelea baada ya uhuru wa mwaka 1962. Pamba huandamwa na wadudu wengi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili jibu la wadudu karibu kila mahali duniani lilikuwa DDT. Paul Müller, aliyegundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 1948. Ilisifiwa kwa bei yake ndogo na kwa kudumu kwake. Sifa hiyo ya pili ndiyo iliyogeuka kuwa tatizo.

Dalili hazikuchelewa. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha DDT ndani ya maziwa ya wanawake ambao hawakuwa na kazi yoyote inayohusiana na viuatilifu. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya Rachel Carson kutoa kitabu chake Silent Spring, na miaka 21 kabla ya Marekani kupiga marufuku matumizi ya DDT mashambani mwake. Hoja kwamba waliosambaza dawa hiyo katika makoloni hawakuwa na njia ya kujua inahitaji kupokewa kwa tahadhari.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na mto mmoja tu, Lukuga, huyatoa maji yake kuelekea Kongo. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke. Kemikali isiyooza upesi ikiingia humo hukawia. Mwaka 1976 Deelstra, Power na Kenner walichapisha vipimo vya mabaki ya DDT na viuatilifu vya jamii yake katika samaki wa ziwa hilo. Mwaka 2002 Manirakiza na wenzake, miongoni mwao Ntakimazi wa Chuo Kikuu cha Burundi, waliwapima tena samaki wa upande wa Burundi na kuyakuta mabaki hayo yangalipo. Kati ya kazi hizo mbili kuna miaka 26, yaani muda wa kutosha kwa msichana kuzaliwa, kukua na kunyonyesha.

Kuwapo kwa mabaki peke yake si sababu ya kuwaogopesha watu wasile ndagala na mukeke, ambao ni kitoweo muhimu cha wakazi wa mwambao. Swali linahusu nani hupokea kiasi gani, na lini. DDT hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Mama anapokuwa mjamzito, sehemu yake hupita katika kondo la nyuma; anaponyonyesha, hutoka pamoja na mafuta ya maziwa. Utafiti uliofanywa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako nyumba zimenyunyiziwa kwa miongo mingi, umeonyesha kwamba maziwa ya mama anayenyonyesha kwa mara ya kwanza ndiyo huwa na DDT nyingi zaidi. Kwa hiyo kifungua mimba hubeba mzigo ambao wadogo zake hupunguziwa.

Kuhusu saratani, ushahidi mzito umetoka Oakland, California. Huko damu ya wanawake wajawazito ilihifadhiwa kati ya mwaka 1959 na 1967, wakati DDT ingali ikitumika sana. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba hatari ya saratani ya matiti ilikuwa mara tano kwa wanawake waliokuwa na DDT nyingi na walioanza kuipata kabla ya umri wa miaka 14. Mwaka 2015 ilibainika kwamba mabinti ambao mama zao walikuwa na kiwango cha juu cha aina moja ya DDT walikuwa na hatari ya karibu mara nne. Mwaka huohuo Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliipandisha DDT daraja, kutoka vitu vinavyoweza kusababisha saratani hadi vile ambavyo yaelekea husababisha. Matokeo ya Oakland yana uzito kwa sababu yanataja umri: kiasi kilekile si kitu kimoja kwa mtu mzima na kwa kijusi.

Hata hivyo malaria nayo huua watoto, na huua upesi. Kati ya mwaka 2000 na 2001 mlipuko katika nyanda za juu za Burundi ulileta takriban wagonjwa milioni 3 katika nchi yenye watu wasiofika milioni 7. Mkoani Karuzi nyumba zilinyunyiziwa kuanzia mwaka 2002, lakini kwa dawa za jamii ya piretroidi. Karuzi inafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba chaguo ni DDT au kaburi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilihimiza upya unyunyiziaji wa ndani ya nyumba, DDT ikiwamo. Uganda ilipoitumia mwaka 2008 katika wilaya za Apac na Oyam, mahakama ilisimamisha kazi hiyo. Waliokwenda mahakamani walikuwa hasa wauzaji wa mazao ya kilimo hai, pamba ikiwamo, waliohofia kupoteza soko la Ulaya. Katika Imbo pamba iliileta DDT. Kaskazini mwa Uganda pamba iliizuia. Mtoto hakuwa mhusika mkuu katika uamuzi wowote kati ya hiyo miwili.

Mkataba wa Stockholm, ulioanza kutumika mwaka 2004, unaruhusu DDT kwa ajili ya wadudu waenezao magonjwa, na unazitaka nchi zinazoitumia kutoa taarifa ya kiasi kila baada ya miaka mitatu. Mpango wa ufuatiliaji wa mkataba huohuo umeyateua maziwa ya mama kuwa kipimo kimojawapo kikuu, bila kugusa ushauri kwamba kunyonyesha kuendelee. Utaratibu wake si mgumu: huchaguliwa akina mama 50 wenye mtoto wa kwanza, na sampuli huchukuliwa kati ya wiki ya 3 na ya 8 baada ya kujifungua. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, inayoziunganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ina makao yake Bujumbura. Kundi moja la akina mama wa Imbo na jingine la nyanda za juu, likipimwa kwa utaratibu huo, lingeongeza katika kumbukumbu za ziwa jambo ambalo samaki pekee hawawezi kulieleza.