Barua, Cheti na Viza: Hati za Msafiri katika Njia ya Kasongo na Kabambare

Utangulizi

Mtalii anayetaka kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutakiwa kuwa na pasipoti, viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mara nyingi hudaiwa pia barua ya mwenyeji inayoeleza atafikia kwa nani na ni nani atakayemtunza. Ni rahisi kudhani kwamba mambo haya yameletwa na dola za kisasa. Hata hivyo, kusini mwa Maniema, katika eneo la Kasongo, Wamaza na Kabambare, msafiri alibeba maandishi ya kumtambulisha kabla mpaka wowote haujachorwa. Makala haya yanaonyesha kwamba kilichobadilika si kuwapo kwa hati, bali ni swali ambalo hati hiyo ilikusudiwa kulijibu. Hapo awali msafiri aliulizwa ni nani anayemjua huko aendako. Baadaye aliulizwa ni nani aliyemruhusu kutoka kwao.

Barua ya Utambulisho

Mfano ulio wazi ni wa David Livingstone. Mwaka 1866, akiwa Unguja, alipewa na Sultani Majid bin Said barua ya kuwaonyesha raia wa Sultani atakaowakuta bara. Mwaka uliofuata, kusini mwa Ziwa Tanganyika, aliwakuta wafanyabiashara, miongoni mwao Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Baada ya kuiona barua hiyo walimpa chakula, nguo na shanga. Mwaka 1869 alifika Kabambare pamoja na msafara wa Mohamad Bogharib, akakaa huko miezi mingi kwa sababu ya vidonda vya miguu, na mwezi Machi 1871 akafika Nyangwe.

Barua ya namna hii haikuwa amri, bali dhamana. Nguvu yake iliishia pale lilipoishia jina la aliyeiandika. Kwa wenyeji wasiomjua Sultani, muhuri wa Unguja haukuwa na maana yoyote; huko msafiri alihitaji zawadi, mapatano au undugu. Tippu Tip mwenyewe anasimulia katika maisha yake jinsi alivyopokewa Utetera kwa Kasongo Rushie: alidai kwamba bibi yake alitoka katika ukoo wa mtawala huyo, na kwa madai hayo akakabidhiwa nchi. Nasaba ndiyo iliyokuwa hati yake. Naye Henry Morton Stanley, alipofika karibu na Kasongo mwezi Oktoba 1876, hakutegemea barua pekee. Alifunga na Tippu Tip mkataba wa malipo ili asindikizwe kwa vituo 60.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba zama hizo zilikuwa za uhuru kwa watu wote. Wenyeji hawakuwa na uwezo wa kumnyima ruhusa mgeni mwenye bunduki. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu, wengi wao wanawake, wakiuawa katika soko la Nyangwe na watu wa wafanyabiashara. Aidha, wengi waliosafiri kuelekea pwani walikwenda kama watumwa. Hao hawakuulizwa hati, kwani walihesabiwa kuwa mali.

Cheti cha Kutoka

Mwezi Aprili 1893 Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo, na mwaka 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji. Sheria ya tarehe 2 Mei 1910 ilimfunga kila mwenyeji katika eneo la chifu wake, na kuondoka kwake kukategemea idhini ya utawala. Sheria ya tarehe 5 Desemba 1933 iliendeleza utaratibu huo: aliyetaka kukaa nje ya eneo lake zaidi ya siku 30 alihitaji cheti cha kuhama. Cheti hicho hakikumwombea mtu mapokezi mema aendako. Kilithibitisha tu kwamba kodi yake na nguvu zake zinajulikana ni za wapi.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hayo yalitokea wakati njia yenyewe ilipokuwa nyepesi kuliko wakati wowote. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ikafika Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji sehemu za bandari katika Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka. Shehena ya Kongo ikafunguliwa njia hadi baharini, ilhali mkulima wa Kabambare aliyetaka kuwazuru kwa muda mrefu ndugu zake, Wamanyema wa Ujiji, Tabora au Dar es Salaam, alizuiwa kwanza mlangoni pa chifu wake, kabla hata hajaufikia mpaka.

Ushahidi wa Lugha

Msamiati nao unabeba historia hii. Hati imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mwandiko. Cheti kimetoka Kihindi, kwa maana ya barua au karatasi fupi. Pasipoti na viza zimeletwa na lugha za Ulaya. Kila tabaka la maneno linamtaja aliyekuwa na mamlaka juu ya njia kwa wakati wake.

Hitimisho

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 jitihada zilifanywa kuifungua njia upya. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini haki iliyoandikwa katika mkataba haimfai asiyeweza kulipia hati. Pasipoti mpya ya Kongo iliyotolewa kuanzia mwaka 2015 iliuzwa kwa dola 185 za Marekani, kiasi kisichofikiwa na mkulima wa Maniema. Hivyo mtalii anayekwenda Kasongo akiwa na barua ya mwenyeji wake anarudia, pasipo kujua, desturi ya karne ya 19. Ilhali mzaliwa wa Kasongo anayetaka kwenda Ujiji bado analikabili swali la mwaka 1910, nalo ni kama ataruhusiwa kutoka.