Kimea cha Gatumba: neno, nafaka na historia yake

Mara nyingi kurasa hizi hujadili ngeli, ushairi na fasihi simulizi. Safari hii tunawaomba wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, watuvumilie tukizungumzia kitu kinachouzwa kwa kopo sokoni: punje za mtama zilizooteshwa, zikakaushwa juani, zikawekwa kumsubiri mnunuzi atakayezisaga na kupika pombe nyumbani kwake. Kitu hicho kwa Kiswahili huitwa kimea. Tumekichagua kwa sababu wanafunzi wetu wakikutana nacho katika matini ya kutafsiri kutoka Kifaransa huandika "malti" bila kusita, kana kwamba nafaka ilianza kuota siku wakoloni walipoleta shayiri. Historia inasema vingine, na lugha yenyewe inatoa ushahidi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si kila mwalimu wa lugha amewahi kupika pombe. Punje ya nafaka imejaa wanga, na wanga hauchachuki moja kwa moja. Chachu hula sukari. Punje inapolowekwa na kuanza kuota, ndani yake huzaliwa vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kuvunja wanga uwe sukari ili mche upate chakula. Mpishi wa pombe humwibia mche chakula hicho: huacha punje iote siku chache, kisha huikausha kabla mche haujakimaliza. Punje iliyokaushwa hivyo ndiyo kimea. Ikisagwa na kuchanganywa na uji wa moto wa wastani, ule uji mzito hulegea na kuwa mtamu. Mengine yote, yaani kuchuja, kuchachua na kunywa, yanafuata baada ya hapo.

Gatumba ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huu mdogo uko magharibi ya Bujumbura, karibu na mahali mto Ruzizi unapoingia Ziwa Tanganyika, kwenye barabara inayoelekea Uvira nchini Kongo. Watu wa pande zote mbili za mpaka hukutana hapa, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Tulipowapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili kusikiliza Kiswahili cha sokoni, mmoja wao alimwuliza mama mmoja muuzaji kama ana mtama. Mama akamjibu kwa swali: "Mtoto wangu, unatafuta yenye imemea ao yenye haiyamea?" Wanafunzi walicheka kwa sababu ya "yenye" na "ao", viungo vinavyotambulisha Kiswahili cha Kivu mara moja. Sisi tuliona kingine. Mama yule hakuhitaji nomino. Alikuwa na kitenzi, na kitenzi kilimtosha kutenganisha bidhaa mbili zilizo katika magunia mawili yanayofanana.

Kitenzi hicho ni -mea. Warundi wanacho pia, nacho ni kumera. Walimu wanaofundisha isimu linganishi wanaujua mfano huu: pale Kirundi kinapobaki na r kati ya irabu mbili, mara nyingi Kiswahili kimeidondosha sauti hiyo. Inzara ni njaa, imvura ni mvua, kuvyara ni kuzaa. Kwa kanuni hiyo hiyo kumera ni kumea. Wanyarwanda wamejenga juu ya mzizi huo nomino amamera, yaani nafaka iliyooteshwa kwa ajili ya pombe. Kiswahili kikatumia kiambishi cha ngeli nyingine kikapata kimea. Maneno haya hayakukopwa kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kila moja limerithiwa kutoka kwa babu mmoja wa Kibantu. Ndiyo maana Mrundi anayejifunza Kiswahili hana haja ya kulikariri neno kimea kama neno la kigeni. Analo tayari nyumbani. Hata salamu yake ya kila siku, "Umeze ute?", imetoka katika kitenzi chenye umbo lile lile, ingawa hakuna anayewaza mbegu anapoitamka.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kuna dhana iliyokita mizizi hapa kwetu kwamba Kiswahili ni lugha ya mjini tu: lugha ya Buyenzi, ya dereva, ya mfanyabiashara aliyepita, na kwamba mambo ya shamba na ya mtungi hayamo ndani yake. Wapo pia wanaodhani kuwa kwa vile Waswahili wengi wa Bujumbura ni Waislamu, Kiswahili hakina msamiati wa pombe. Mtu anaweza kuacha kunywa pombe bila lugha yake kusahau jinsi inavyopikwa. Neno pombe lenyewe limo katika maandishi ya wasafiri wa karne ya 19. Richard Burton, aliyefika Uvira pamoja na John Speke mwezi Aprili 1858, ng'ambo tu ya hapa tulipo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 jinsi watu wa bara walivyoipika: nusu ya nafaka hulowekwa au kufukiwa hadi iote, kisha hutwangwa na kuchanganywa na unga wa nusu ya pili isiyoota, pengine pamoja na asali kidogo, ikachemshwa zaidi ya mara moja na kuchujwa. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika, lakini maelezo yake ya nusu kwa nusu yana maana kubwa kuliko alivyoweza kujua. Unga usioota huleta wanga mwingi, kimea huleta vimeng'enya vya kuuvunja. Ni hesabu nzuri, na ilifanywa na wanawake ambao hakuna aliyewaandika majina.

Hapa Burundi nafaka ya hesabu hiyo ilikuwa amasaka, yaani mtama. Pombe yake ni impeke, na neno hilo pia lina maana ya punje. Waganda nao huita punje empeke. Ilinyweka kwa imiheha, mirija mirefu, kutoka mtungi mmoja uliozungukwa na watu. Mtama ndio uliokuwa kiini cha Umuganuro, sherehe ya mwaka ambayo mwami aliitumia kufungua msimu wa kuupanda. Sherehe hiyo ilikomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1920, wamisionari na utawala wa Kibelgiji walipokuwa wakibana desturi za kifalme. Mtama wenyewe haukukoma, wala impeke.

Kisha ikaja shayiri. Kiwanda cha Brarudi kilianzishwa Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1955. Bia yake maarufu, Primus, ilikuwa imezaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako kampuni ya Bralima ilianza mwaka 1923. Bia ya namna hiyo inahitaji kimea cha shayiri, na mzigo wowote mzito kutoka ng'ambo ulikuwa na njia yake inayojulikana: meli hadi Dar es Salaam, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha ziwani hadi Usumbura. Wabelgiji walikuwa wamejipatia maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa mkataba wa mwaka 1921. Njia yote hiyo ilisemwa Kiswahili, kuanzia kwa kuli wa gatini hadi kwa baharia wa ziwani. Lakini kilipofika kiwandani, kimea kiliandikwa kwa Kifaransa katika vitabu vya stoo, na jina la vitabu ndilo lililoingia shuleni. Hivyo kitu kimoja kikawa na maisha mawili: "malti" ya kiwandani, yenye heshima, na mtama uliomea, wa mama wa sokoni.

Je, vimea hivi vinatofautianaje? Hapa tunakaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Shayiri hupenda kuota penye ubaridi, kama nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi. Mtama hutaka nyuzi 25 hadi 30. Bonde la Ruzizi liko chini, na joto la mtama lipo bure mwaka mzima. Kuotesha shayiri hapa bila mashine za kupozea ni kujitafutia ukungu. Kwa upande mwingine, shayiri ina vimeng'enya vingi vya kutengeneza sukari, na wanga wake hulainika kwenye joto dogo, karibu nyuzi 60, ambapo vimeng'enya bado viko hai. Wanga wa mtama huchelewa, hutaka joto la nyuzi 70 au karibu yake, na hapo vimeng'enya vyake vinaanza kufa. Ndiyo sababu wapishi wetu hupika sehemu ya unga kwanza, wakaiacha ipoe, ndipo wakaongeza kimea. Mgeni anayetazama huona kazi imerudiwa mara mbili bila sababu.

Mtama nao si mmoja. Ule mwekundu wenye ukakasi una tanini, ambazo huwakimbiza ndege shambani lakini hushika vimeng'enya na kuvizuia kufanya kazi. Katika nyanda za Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, watu huuloweka mtama wa namna hiyo pamoja na majivu ya kuni kabla ya kuuotesha, na majivu hupunguza ukali wa tanini. Ule mweupe hauna shida hiyo, ila ndege huupenda kama sisi tunavyoupenda.

Ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi na Warundi uburo, una punje ndogo mno na kuuchambua ni kazi ya subira. Lakini kwa kimea ndio bora kati ya nafaka zetu za joto: vimeng'enya vyake vina nguvu, na ghalani hukaa miaka bila kuliwa na wadudu. Wachaga wa Kilimanjaro hutia kimea cha ulezi katika mbege, pombe ya ndizi, na katika busaa ya magharibi mwa Kenya kimea cha wimbi ndicho kinacholainisha unga wa mahindi. Urwarwa wetu ni jambo jingine: sukari imo tayari ndani ya ndizi mbivu, na unga kidogo wa mtama uliokaangwa hutiwa ili kuamsha uchachu na kuleta ladha. Anayeuita urwarwa "bia" na mbege "bia" na impeke "bia" ameokoa muda lakini amepoteza maana.

Mnunuzi wa Gatumba hajui nyuzi za Selsiasi, naye hadanganyiki kirahisi. Huchukua punje chache na kuzitafuna: kimea kizuri huvunjika kwa mlio na kuacha utamu ulimini, kilichoota kidogo hubaki kigumu kama changarawe. Hunusa kiganja, kwa sababu ukungu hautoki hata kwa kuchemsha. Hufikicha punje mkononi aone kama vichipukizi vilivyokauka vinadondoka. Hatua hiyo ya mwisho si urembo. Vichipukizi na vijizi vya mtama vina kitu kinachoweza kutoa sumu ya sianidi, na kukausha vizuri, kufikicha na kupepeta, kisha kuchemsha, ndiko kunakoipunguza. Bei ya kimea iko juu ya ile ya mtama mbichi, na haki yake ipo: nafaka hupungua uzito inapoota, na kuna siku kadhaa za kuigeuza na kuilinda isinyeshewe.

Viwanda vikubwa navyo vimerudi kwenye nafaka hii kwa njia ndefu. Nigeria ilipiga marufuku uagizaji wa kimea cha shayiri mwaka 1988, na viwanda vyake vikalazimika kujifunza mtama. Uganda ilianza kutengeneza bia ya Eagle mwaka 2002 kwa mtama mweupe uitwao Epuripur, na Kenya ikapata Senator Keg mwaka 2004, bia ya bei nafuu ambayo baadaye ilitegemea mtama wa wakulima wa nchini. Sababu katika kila nchi zilikuwa fedha za kigeni, kodi na bei. Wala si jambo geni kwa msomaji wa Burundi, ambaye anakumbuka vikwazo vya 1996 hadi 1999 na anajua kinachotokea kaunta zinapokauka.

Kuna sura nyingine ya kimea ambayo kamusi zetu haziitendei haki, kwani hutaja pombe na kupita. Nchini Tanzania kimea hutumika kutengeneza togwa, kinywaji kitamu cha wakubwa na wadogo. Na katika miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini humo walionyesha kwamba kijiko kidogo cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito wa mtoto, uji hulegea bila kuongezwa maji. Mtoto mwenye tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi katika kila bakuli. Mama aliyekwisha kujua kulegeza uji wa pombe hahitaji kufundishwa mbinu hiyo upya. Anahitaji tu kuambiwa kuwa ni kitu kile kile, kwa jina lile lile. Mwalimu wa kituo cha afya anayesema "malti" atamfanya afikirie chupa ya dukani.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wa mwaka wa pili wamepewa kazi ya kukusanya, Gatumba na Buyenzi, majina ya kila hatua: kuloweka, kuotesha, kuanika, kufikicha, kupepeta, kusaga, kukoroga, kuchuja, kuchachua. Kila neno liandikwe pamoja na sentensi ya msemaji mwenyewe, yenye "yenye" yake na "ao" yake, bila kusahihishwa. Walimu wa shule za jirani walio na maneno ya kuongeza wanaombwa kuyaleta ofisini kwetu kabla ya mwisho wa muhula.